Mama wa watoto wawili wasiokua: maisha ya Rosine Krapf

Huku kwetu Kitshanga mwezi wa tatu ukifika wamama huvaa kitenge cha aina moja na kuingia kanisani wakiimba. Siku hiyo ni yao. Wanaongoza wao, wanahubiri wao, na sisi wababa tunakaa nyuma. Katika makutaniko mengi tunayoyajua kuna desturi moja siku hiyo: kiongozi anawaomba wamama wasimame kwa hesabu ya watoto wao. Wenye kumi wanapigiwa makofi, kisha wenye wanane, wenye sita, hivyo hivyo mpaka chini. Anatajwa Hana aliyemtoa Samweli, wanatajwa Loisi na Eunike waliomlea Timotheo katika imani, na maombi yanafanywa kwa ajili ya wote waliosimama.

Tulikuwa tumeizoea desturi hiyo, wala hatukuona ubaya wake. Lakini kuna mwaka ambapo mama mmoja aliyekaa karibu nasi hakusimama kwa hesabu yoyote. Tulimfahamu. Alikuwa amezaa mara tatu, na mmoja wa watoto wake alizaliwa njiani watu walipokuwa wanakimbia. Wote watatu wako ardhini. Mama huyo alitazama chini, akanyoosha kitenge chake magotini, akangoja tumalize kuhesabu.

Tangu siku ile tumekuwa na hamu ya kuwaandikia habari za Rosine Krapf. Jina la mume wake linajulikana kwa wengi wenu. Ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika pwani ya Mombasa, mtu aliyeanza kazi ya kuitia Biblia katika lugha hii tunayoisoma nanyi. Rosine mwenyewe hutajwa kwa mistari miwili au mitatu, na mara nyingi anatajwa kama msiba uliompata mumewe. Sisi tunadhani anastahili zaidi ya hapo. Alikuwa mama. Alizaa watoto wawili, na hakuna hata mmoja aliyefikia umri wa kumwita mama.

Alizaliwa Rosine Dietrich, na alitoka Basel, mji wa Uswisi ulio kando ya mto Rhine. Basel wa siku zile ulijaa watu wa uamsho. Chuo cha kuwafundisha wamisionari kilifunguliwa pale mwaka 1816, na Wakristo wa mji ule, pamoja na wenzao wa Württemberg upande wa Ujerumani, walikuwa na desturi ambayo wengi wetu tumeirithi bila kujua ilikotoka: baba, mama, watoto na watumishi kukusanyika asubuhi na jioni, Neno linasomwa, wimbo unaimbwa, wanapiga magoti. Katika mazingira hayo ibada haikungoja siku ya Bwana. Ilikaa nyumbani, na mara nyingi mama ndiye aliyeishika isizimike.

Krapf naye alikuwa mtu wa huko. Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, akasoma Basel, kisha akatumwa Ethiopia na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Alikaa miaka kadhaa katika ufalme wa Shoa akiwa peke yake, bila mke. Mwaka 1842 alishuka kutoka huko kwa safari mbaya sana. Aliporwa mali njiani akafika pwani karibu mtupu. Miaka ile ilimfundisha jambo moja ambalo baadaye aliliandika wazi, kwamba mmisionari asiye na mke hawezi kufanikiwa kwa muda mrefu katika nchi zile. Akatuma habari Basel, Rosine akaja mpaka Misri, na wakafunga ndoa Alexandria mwaka huo huo wa 1842.

Mtu anaweza kusema hiyo si habari ya mapenzi. Labda. Wazee wetu pia waliolewa kwa barua na kwa maneno ya wajumbe, na nyumba zao zilisimama. Tunachokiona sisi ni msichana aliyeacha mji wenye kengele za kanisa na maji safi, akavuka bahari kwenda kuolewa na mtu ambaye angemtembeza katika jangwa. Hakulazimishwa na mtu.

Kuanzia siku ya ndoa mpaka siku ya kufa kwake haikutimia hata miaka miwili. Katika muda huo mfupi Rosine alikaa Misri, akapanda chombo cha Bahari ya Shamu, akashuka Massawa, akapanda milima ya Tigre, akarudi pwani, akaenda Aden, akasafiri baharini tena, akakaa Unguja, na mwisho Mombasa. Wamama wa Kitshanga wataelewa hesabu hii kuliko wasomaji wengine. Wako miongoni mwenu waliokimbia mwaka 2013, nyumba nyingi za mji wetu zilipoungua katika mapigano ya mwezi wa pili na wa tatu, wakarudi, wakajenga, wakakimbia tena Januari 2023. Mwanamke wa namna hiyo hasemi nyumba yangu iko pale. Nyumba yake ni sufuria, godoro lililofungwa juu ya chukudu, na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki.

Safari ya Tigre ndiyo tunayotaka muisome polepole. Ilikuwa mwaka 1843. Krapf alitaka kurudi Ethiopia kwa njia ya kaskazini, kupitia Massawa, mji ambao leo uko Eritrea. Kati ya Massawa na milima kuna nchi kavu yenye mawe na miiba, na wenye nchi ile walikuwa Washoho, wafugaji waliokodisha ngamia na kuwaongoza wasafiri. Rosine alikuwa na mimba ambayo haijafikia miezi yake. Huko nyikani, mbali na kijiji chochote, uchungu ukamshika kabla ya wakati. Akazaa mtoto wa kike.

Mtoto aliishi saa chache tu. Baba yake alimbatiza akampa jina Eneba, maana yake kwa Kiamhari ni chozi. Huku kwetu wako watoto wengi waitwao Machozi, Mateso, Shida, na pia Furaha na Bahati, maana wazazi wetu humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa. Kama Eneba angezaliwa kwenye barabara ya Mweso au ya Sake, hakuna mtu angeuliza kwa nini ameitwa hivyo.

Walimzika chini ya mti, kando ya njia. Siku ya tatu baada ya kuzaa, Rosine alilazimika kuendelea na safari. Washoho hawakukubali kungoja zaidi, na hapakuwa na kijiji cha karibu ambapo angeweza kulala na kupata nguvu. Wakampandisha, msafara ukaondoka, na ule mti ukabaki nyuma.

Hatuna la kuongeza juu ya siku ile ya tatu. Kila aliyemwona mama aliyejifungua juzi akipanda kilima na mzigo kichwani, maziwa yakimtoka na hakuna wa kuyanyonya, anajua ilikuwa nini. Na Tigre yenyewe, ambayo kwa ajili yake walipita jangwani, haikuwapokea. Mtawala wake hakutaka wamisionari wa Kiprotestanti katika nchi yake. Ikabidi warudi pwani kupitia nchi ile ile.

Hapa tunasimama kidogo, maana tumeulizwa swali na wamama wenyewe tulipowasimulia habari hii. Je, Krapf alifanya vema kumpeleka mke mwenye mimba katika njia kama ile? Sisi tunamheshimu Krapf, lakini hatutamtetea katika kila jambo. Mkimbizi hukimbia kwa sababu nyuma kuna risasi. Nyuma ya Krapf hapakuwa na risasi. Alikuwa na mpango wake, na mpango huo ungeweza kungoja miezi minne. Wako watumishi wa Mungu hata leo, wachungaji na wainjilisti, wanaohesabu gharama ya utume kwa miguu yao wenyewe na kusahau miguu ya mke. Krapf alilia, tunaamini. Aliliandika kaburi lile kwa uchungu. Hata hivyo mwaka uliofuata yule yule mama alikuwa tena na mimba, tena safarini.

Tuseme pia upande wa pili. Rosine hakuwa mzigo uliobebwa. Baada ya Tigre kufungwa, njia ya kurudi Basel ilikuwa wazi kwake, na hakuna mtu wa haki angemlaumu kama angeifuata. Alibaki na mume wake. Walipofika Aden, Krapf alikuwa na wazo jipya: kwenda kusini kwa bahari mpaka pwani ya Waswahili, ili kuwafikia Waoromo kwa upande ule. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1843 wakapanda chombo cha Waarabu. Dhoruba ikawapata, chombo kikaanza kuingiza maji, watu wakachota usiku na mchana mpaka nguvu zikaisha. Walijaribu kurudi Aden, na karibu na bandari upepo ukawageukia. Mashua nyingine ikaja ikawatoa, na kile chombo kikapotea. Siku chache baadaye wakapanda chombo kingine, wakaondoka tena.

Wamama huhesabu miezi kwa vidole, nasi tumehesabu kama wao. Mtoto wa pili wa Rosine alizaliwa mwezi wa saba mwaka 1844. Rudi nyuma miezi tisa, utafika mwezi wa kumi mwaka 1843. Basi katika chombo kile kilichoingiza maji Rosine alikuwa amekwisha kubeba mimba nyingine, na bado hazijapita hata miezi kumi na miwili tangu mti wa Eneba.

Tarehe 7 Januari 1844 walifika Unguja. Sultani Seyyid Said aliwapokea vizuri akampa Krapf barua ya kuwaambia maliwali wake wa pwani wamtendee mema. Krapf akaenda Mombasa kuangalia mahali, Rosine akabaki Unguja, na mwezi wa tano wakahamia Mombasa wote wawili. Ndiyo mara ya kwanza tunawaona wametulia mahali wanapokusudia kukaa. Kabla ya hapo hawakuwa na nyumba. Sasa walikuwa nayo, na mama alikuwa na miezi saba.

Katika nyumba hiyo, tarehe 8 Juni 1844, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, mwalimu wa Kiislamu aliyeijua lugha kwa kina, na hilo tusilipite haraka, maana wako kati yetu wanaodhani Mkristo na Mwislamu hawawezi kukaa meza moja. Tunaisoma Biblia katika lugha ambayo jirani Mwislamu alimfundisha mmisionari. Na tunaisoma pia kwa sababu katika nyumba ile kulikuwa na mama. Watu wengi hutaja tarehe ile ya 8 Juni kama tarehe ya vitabu na kalamu. Sisi tunaiona kama tarehe ya nyumbani: mzee mmoja na mgeni wanabishana juu ya neno gani litafaa, na ndani yuko mwanamke anayekaribia kuzaa, katika joto la Mombasa, bila mama yake wala dada yake karibu.

Ilipoanza Julai homa ikaingia nyumbani. Kwanza ilimshika Krapf, kisha Rosine. Leo tunajua ni malaria, na tunajua mbu ndiye anayeileta. Wao hawakujua. Jambo hilo la mbu lilithibitishwa mwaka 1897 tu, zaidi ya miaka 50 baadaye. Hapakuwa na chandarua kwa sababu ya mbu, hapakuwa na vidonge vya kumpa mama mwenye mimba kama vile wanavyopewa wamama wetu kwenye maternite, dawa zikiwepo. Wale wenu waliotoka kwenye baridi ya vilima vyetu wakakimbilia mabonde ya Walikale wanajua homa hiyo inavyomwangusha mtu ambaye mwili wake haukuizoea.

Tarehe 6 Julai, akiwa katika homa, Rosine alizaa mtoto wa kike. Mtoto alikuwa hai. Kwa siku chache Rosine alikuwa na kile alichokikosa kule jangwani, mtoto anayepumua pembeni mwake.

Lakini homa haikumwacha. Kitanda kimoja mume, kitanda kingine mke, na hakuna aliye na nguvu ya kumwinua mwenzake. Rosine alijua kwamba anakufa. Aliwaita waliokuwa wakihudumu nyumbani, ambao walikuwa Waislamu, akazungumza nao juu ya Mwokozi wake. Kisha akaomba. Aliwaombea ndugu zake, akaiombea misheni, akaiombea Afrika ya Mashariki, na akamwombea Sultani, ili Mungu auelekeze moyo wake apate kuwatakia watu wake mema ya milele.

Tumelifikiri sana ombi hilo. Mama anakufa, mtoto wake mchanga yuko karibu, mume ni mgonjwa, na anamwombea mtawala wa nchi. Tunaamini kwamba mtu hajifunzi kuomba hivyo siku ya kufa. Ombi la namna hiyo linatoka kwenye nyumba ya asubuhi na jioni, nyumba ya kupiga magoti, miaka mingi kabla. Linatoka pia, tunafikiri, kwa mtu ambaye amekwisha kuzika mtoto kando ya njia na hakuacha kumwamini Mungu. Malezi ya imani tunayoyahubiri kwa wamama wetu ndiyo haya. Kwake yalianza kwa yule aliyemlea, yakaonekana Mombasa mbele ya watumishi wa nyumba na mume mgonjwa.

Alikufa tarehe 13 Julai 1844. Krapf alikuwa dhaifu kiasi kwamba kuinuka tu kwenda kuhakikisha kuwa mkewe amefariki kulimshinda nguvu. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya maji, katika nchi ya watu tunaowaita leo Wamijikenda, ili wapitao njia waone kaburi na wakumbuke kwa nini aliyelala pale alikuja. Wakamvusha kwa mashua, wakamzika upande wa bara.

Siku mbili baadaye, tarehe 15, mtoto naye akafa. Wakamlaza pamoja na mama yake.

Krapf akaandika barua kwa viongozi wa chama chake London. Barua hiyo imetajwa mara nyingi, na maana yake ni kwamba sasa lipo kaburi la mmisionari katika pwani ile, nalo ni alama kuwa vita vya injili vimeanza katika sehemu hii ya dunia, basi na wajiandae kuituma injili mpaka ndani ya bara. Wahubiri wanalipenda jambo hilo. Sisi pia tumewahi kulihubiri. Lakini kila tunapolirudia tunahisi kuna kitu kinapotea, maana kaburi lile, kabla halijawa alama ya kitu kingine, lilikuwa kaburi la mama na mtoto.

Mtu anayetafsiri Mwanzo atafika siku moja sura ya 35. Mnaikumbuka. Yakobo na watu wa nyumba yake wako safarini, wametoka Betheli, hawajafika Efrata. Raheli anashikwa na uchungu njiani, anazaa kwa shida, na roho inapomtoka anamwita mtoto Benoni, mwana wa huzuni yangu. Anazikwa hapo njiani, na Yakobo anasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Krapf alikuwa ameanza kitabu hicho mwezi mmoja tu kabla ya kumzika mkewe. Alipopona alirudi mezani akakiendeleza. Kila tukisoma sura hiyo kwa Kiswahili tunamkumbuka mtu aliyeitafuta maneno yake akiwa na kaburi ng'ambo ya maji na kaburi jingine chini ya mti katika nchi ya Washoho.

Yaliyofuata tunayapitia haraka, maana yameandikwa kwingine. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alifika, na wote wawili wakaanza kituo cha Rabai. Krapf alitoa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, akaondoka pwani mwaka 1853, akafa mwaka 1881 huko Korntal, Ujerumani, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Mwaka 1875, upande ule ule wa bara, si mbali na alipozikwa Rosine, ulianzishwa mji wa Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Wengi wao walikuwa watoto walionyang'anywa mama zao. Walifundishwa kusoma pale, wakalelewa katika imani, wakaoana, wakazaa. Hatutasema kwamba hao walikuwa watoto wa Rosine. Alikuwa na wake wawili, nao wana kaburi lao. Tunachosema ni kwamba watoto wale walikua karibu naye.

Turudi Kitshanga. Tumemsimulia Rosine kwa kikundi kidogo cha wamama, baada ya ibada ya katikati ya juma, mvua ikinyesha juu ya mabati. Tulidhani watauliza juu ya Mombasa na bahari. Walichouliza ni kama Eneba alipewa jina kabla au baada ya kufa. Tulipojibu kwamba alipewa akiwa hai, akabatizwa, walinyamaza muda mrefu. Halafu mmoja akaanza kusema jina la mtoto wake. Akafuata mwingine. Wako waliozaa kambini Mungote chini ya turubai, wako waliozaa porini, wako waliozaa maternite kukiwa na mkunga na kila kitu, na mtoto akaenda vilevile. Majina mengine tulikuwa hatujawahi kuyasikia, ingawa tumesali na wamama hao miaka mingi. Kuna mama aliyekiri kwamba alikatazwa kumpa mtoto jina kwa sababu hakufikisha siku nane, na kwa siri akampa.

Tunajua desturi zetu. Mtoto mchanga akifa, wazee wachache wanakwenda kumzika upesi, na mama anaambiwa asilie sana asije akafunga tumbo. Kanisani hakutangazwi. Juma linalofuata anategemewa akae katika kwaya mahali pake. Wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wengi wanataka kumhurumia. Lakini wakati huo huo tunawafundisha wamama kwamba mtoto ni zawadi ya Bwana tangu tumboni, na hayo mawili hatujui tutayapatanisha namna gani. Biblia yenyewe haikufanya haraka hivyo. Inamtaja Raheli kwa jina, na nguzo yake. Inamtaja Rispa, aliyekaa juu ya mwamba akiwafukuza ndege wasiiguse miili ya wanawe, na mfalme mwenyewe akasikia habari zake.

Mwezi wa tatu uliopita, katika kutaniko letu, wamama walisimama kama kawaida, lakini hesabu haikuitwa. Mama kiongozi alisoma majina. Aliyakusanya mwenyewe kwa majuma matatu, nyumba kwa nyumba, akayaandika katika daftari la shule: majina ya watoto walio hai na majina ya wale waliotangulia, yote katika orodha moja bila kutenganisha. Ilichukua muda mrefu sana na wababa wengine walianza kutazama saa zao. Yule mama wa kitenge alisimama lilipotajwa jina la kwanza la watoto wake, akabaki amesimama mpaka la tatu.

Kaburi la Rosine na binti yake lipo mpaka leo upande wa Nyali, ng'ambo ya mji wa kale wa Mombasa. Mti wa Eneba haukuwekewa alama.